Taji Juu ya Kivuli Changu

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Kutoka 34:29–35

Mimi ni mchungaji wa Kanisa la Anglikana huku Werugha, juu katika vilima vya Taita. Wenyeji wa huku mnajua jinsi mwezi wa Julai ulivyo kwetu. Ukungu hushuka usiku, na asubuhi mtu haoni hata paa la nyumba ya jirani yake.

Leo nataka kuwaeleza juu ya ukungu huo, lakini si kama tunavyouona sisi tulio ndani yake. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyouona kutoka juu, nikiwa nimeketi kando ya rubani katika ndege ndogo.

Miaka michache iliyopita, mwezi huo huo wa Julai, shemeji yangu alinipigia simu usiku kutoka Nairobi. Kaka yangu mkubwa alikuwa amelazwa hospitalini, na hali yake ilikuwa mbaya. Akaniambia, “Shemeji, kama unakuja, njoo upesi.” Alisema “kama unakuja” kwa sababu alijua habari zetu. Mimi na kaka yangu tulikuwa hatujasemezana kwa miaka minne. Tulikuwa tumegombana juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba na mfereji wa maji unaopita hapo. Kila Jumapili nilisimama madhabahuni na kuwatangazia watu amani ya Bwana, na nyumbani nilipita mlango wa kaka yangu bila kubisha hodi.

Asubuhi yake nilishuka Voi kutafuta gari. Hapo nikakutana na kijana mmoja Mkristo, mtu wa kwetu, ambaye kazi yake ni urubani. Alikuwa ameleta mizigo, na sasa alikuwa anarudi Nairobi na ndege tupu. Alipojua shida yangu alisema, “Mchungaji, panda. Kiti cha mbele kiko wazi.”

Sikuwa nimepanda ndege ndogo maishani mwangu, na sitawaficha kwamba niliogopa. Nilikumbuka yale tuliyosimuliwa tangu utotoni, jinsi Mwingereza Denys Finch Hatton alivyoruka kutoka uwanja wa Voi tarehe 14 Mei 1931, na ndege yake ikaanguka na kuungua mara tu baada ya kupaa. Kaburi lake liko katika vilima vya Ngong, na vitabu vimeandikwa juu yake. Lakini hakufa peke yake. Ndani ya ndege ile alikuwamo pia mtumishi wake Mkikuyu, ambaye ni wachache sana wanaomkumbuka kwa jina. Nilipofunga mkanda niliwaza juu ya watu hao wawili, nikaomba kimoyomoyo.

Basi tukapaa. Voi iko chini, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, lakini kilele chetu cha Vuria kinapita mita 2,200. Rubani alitaka kunionyesha nyumbani, basi akazunguka kwanza upande wa vilima. Lo! Vilima havikuwapo. Mahali pa Wundanyi, mahali pa Wesu, mahali pa Werugha yetu, palikuwa na mawingu meupe yaliyotandazwa kama pamba, na Vuria peke yake ikitokeza kama kisiwa.

Tulipogeuka kuelekea kusini, jua la asubuhi likawa kushoto kwetu na mawingu kulia kwangu. Nikatazama chini kupitia dirishani. Hapo juu ya mawingu nikaona kivuli cha ndege yetu kikikimbia pamoja nasi, na kivuli hicho kilikuwa kimezungukwa na duara la rangi. Ndani kulikuwa na mwanga mweupe, kisha rangi ya samawati, kisha kijani, kisha manjano, na ukingoni nyekundu. Si upinde kama ule wa mvua, bali duara zima, kama pete au taji. Ndege ilipokwenda, taji nalo lilikwenda. Ndege ilipoinama, taji halikuondoka.

Wapendwa, nitasema kweli yote. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la unyenyekevu. Nilikumbuka maono ya nabii Ezekieli, sura ya 1 mstari wa 28, pale alipouona utukufu wa Bwana ukiwa kama upinde wa rangi mawinguni. Nikajiambia moyoni, “Bwana amekuwa upande wangu. Ananionyesha kwamba katika jambo hili la shamba mimi ndiye mwenye haki.” Nikafurahi sana.

Nikamwambia rubani, “Tazama, ndege yako imevikwa taji!”

Yule kijana akacheka kidogo, akasema, “Mchungaji, hilo si taji la ndege. Tukiwa karibu na mawingu, aliyeketi mbele huliona mbele ya kivuli, na aliyeketi nyuma huliona karibu na mkia. Kila mtu huliona mahali kilipo kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Wewe unaona lako, mimi naona langu. Langu wewe huwezi kuliona.”

Nikanyamaza. Maneno yale yaliniingia kama mwiba.

Baadaye nilitafuta vitabu ili nifahamu jambo hili vizuri. Wataalamu wameliita duara hilo kwa neno lenye maana ya utukufu. Hutokea pale mwanga wa jua unapopiga vitone vidogo sana vya maji vilivyomo katika wingu au ukungu, na vitone hivyo vikaurudisha mwanga kuelekea upande ule ule ulikotoka. Kwa hiyo anayeliona ni yule tu aliyesimama katikati, jua likiwa nyuma yake na wingu mbele yake. Si lazima awe katika ndege. Mtu akisimama juu ya Vuria asubuhi, jua likiwa mgongoni na ukungu ukiwa chini yake, aweza kuliona likizunguka kivuli cha kichwa chake.

Nilisoma pia kwamba wataalamu waliosafiri kutoka Ulaya mwaka 1735 kwenda kuipima dunia huko Amerika ya Kusini, katika nchi iitwayo sasa Ekuador, waliliona duara hilo wakiwa mlimani. Miongoni mwao walikuwa Mfaransa Pierre Bouguer na Mhispania Antonio de Ulloa. Walisimama pamoja juu ya mlima mmoja wakitazama wingu moja. Waliona vivuli vya wenzao, lakini kila mmoja aliona duara la rangi likizunguka kichwa cha kivuli chake mwenyewe tu. Vivuli vya wenzake aliviona bila taji.

Ndugu msikilizaji, zipo ishara za angani ambazo watu huziona pamoja. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 30 Juni 1973, jua lilipopatwa, na giza kamili likapita juu ya kaskazini ya Kenya, katika ziwa ambalo siku hizo liliitwa Rudolf na sasa tunaliita Turkana. Siku ile mtu aliweza kumwonyesha jirani yake kwa kidole, na jirani akaona kitu kile kile. Lakini duara hili haliko hivyo. Ukiliona juu ya kivuli chako, usidhani mwenzako analiona juu ya kivuli chako. Yeye anaona lake.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kati yangu na kaka yangu. Mimi nilisema, “Ni mimi niliyemtunza mama mpaka akafariki.” Yeye alisema, “Ni mimi niliyeijenga nyumba ya baba na kuuchimba mfereji.” Mimi niliona haki yangu inang'aa kwa rangi zote, na yeye nikamwona kuwa kivuli kitupu. Naye aliniona mimi vivyo hivyo. Wazee wa ukoo walikaa nasi mara mbili, na mara zote mbili tuliondoka kila mmoja akishangaa jinsi mwenzake asivyoona jambo lililo wazi namna hii.

Sasa turudi kwa somo letu. Musa alikaa mlimani siku arobaini, akasema na Bwana. Aliposhuka na zile mbao mbili mikononi, uso wake ulikuwa unang'aa. Haruni na watu wote waliuona mwanga huo, hata wakaogopa kumkaribia. Ni mtu mmoja tu katika kambi nzima asiyekuwa na habari, naye ni Musa mwenyewe.

Je, mwaona tofauti? Duara lile nililoliona kutoka ndegeni naliona mimi, na wengine hawalioni kwangu. Mwanga wa Musa waliuona wengine, naye hakujua. Tena kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Mtu hawezi kuliona lile duara bila kuligeuzia jua mgongo. Akigeuka kulitazama jua, duara linatoweka machoni pake. Lakini Musa alikuwa ameuelekeza uso wake kwa Bwana, na mwanga ukabaki usoni pake.

Nilipokuwa bado angani niliombea jambo moja, kwamba Bwana anionyeshe uso wa kaka yangu kama wengine wanavyouona. Bwana alinijibu kabla hatujafika Nairobi, na jibu lake lilinitia aibu.

Nilikumbuka mwaka nilipoingia chuo cha theolojia. Mara nyingi nimesimulia habari hiyo katika mahubiri yangu, na labda ninyi mmewahi kunisikia. Husema hivi: “Sikuwa na karo, nikapiga magoti, na Bwana akanipatia.” Watu husema, “Amina!” Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kutaja mkono ambao Bwana aliutumia. Karo ile ililetwa na kaka yangu. Alipanda kabeji katika shamba lile lile tuligombanialo, akainywesha kwa maji ya mfereji ule ule, akabeba magunia mpaka sokoni, na fedha akanitumia mimi kila muhula. Nami nilimwondoa katika hadithi ili taji libaki juu ya kichwa changu.

Nilifika hospitalini mchana. Kaka yangu alikuwa amekonda, lakini alinitambua. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakanipotea. Nikapiga magoti kando ya kitanda na kusema, “Kaka, nimekukosea. Wewe ndiwe uliyenilipia karo, nami nimewanyima watu habari hiyo.”

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Karo gani, mdogo wangu? Zile zilikuwa kabeji tu.”

Wapendwa, hakuwa anajifanya. Hakuwa na habari. Hapo nilifahamu maana ya ule mstari wa Kutoka, ambao nilikuwa nimeufundisha mara nyingi bila kuujua.

Kwa neema ya Mungu kaka yangu alipona, akarudi nyumbani. Mwezi wa Septemba tuliupima ule mpaka upya mbele ya wazee. Msifikiri kwamba mambo yote yalikwenda nilivyotaka mimi. Sehemu niliyoidai haikuwa yangu, na sasa nyanya za kaka yangu zimestawi hapo vizuri sana. Mfereji tunausafisha pamoja, na zipo siku tunabishana juu ya zamu za maji. Lakini hodi nabisha, na karibu naitikiwa.

Labda wewe unayenisikiliza asubuhi hii unayo kesi yako. Pengine ni na ndugu yako, au mume, au mke, au mzee mwenzako wa kanisa. Haki yako unaiona inang'aa, na unashangaa kwa nini mwenzako haioni. Nakuomba ufanye mambo mawili leo. La kwanza, geuka. Acha kukitazama kivuli chako, umwelekee Bwana aliye chanzo cha mwanga. La pili, tafuta jambo moja jema alilokutendea huyo unayegombana naye, jambo ambalo umeliondoa katika hadithi yako. Kisha nenda ukamwambie. Mtume Paulo anatufundisha katika Wafilipi 2:3 kwamba kila mtu amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko yeye mwenyewe. Usingoje simu ya usiku, kama nilivyongoja mimi.

Na tuombe.

Ee Bwana, Baba wa mianga, utusamehe sisi tuliojivika taji juu ya vivuli vyetu. Utugeuze tukutazame wewe. Utuonyeshe mwanga wako katika nyuso za ndugu zetu, hasa wale tuliowapita mlangoni bila kubisha hodi. Uwakumbuke wagonjwa walio hospitalini na wote wanaosafiri leo, barabarani, majini na angani. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.