Tshombe: kutoka kujitenga hadi uwaziri mkuu

Jina la Moïse Tshombe bado linagawanya watu hapa Lubumbashi, na mimi sitajificha katikati.

Mwana huyu wa tajiri wa Musumba, wa ukoo wa kifalme wa Walunda, alitangaza kujitenga kwa jimbo la Katanga kutoka Kongo tarehe 11 Julai 1960. Fedha za shaba ya kampuni ya madini ya Union Minière ndizo zilizolipa askari wake na mamluki wa Kizungu. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, alishushwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano akiwa amefungwa na kupigwa, na usiku huohuo akauawa porini. Serikali ya Tshombe haiwezi kuoshwa damu hiyo.

Umoja wa Mataifa ukamaliza utengano Januari 1963, naye Tshombe akaenda uhamishoni. Lakini Julai 1964 Rais Kasavubu alimwita awe Waziri Mkuu wa Kongo nzima! Waasi walikuwa wanateka miji ya mashariki, walinda amani wameondoka, na wajandarume, askari wa Tshombe wa Katanga, walikuwa wakingoja nchini Angola. Aliitwa kwa sababu ya bunduki, si kwa kuwa amesamehewa.

Mwaka 1965 muungano wake wa vyama, CONACO, ulishinda uchaguzi wa bunge. Kasavubu, akiogopa mpinzani wa urais, akamfukuza tarehe 13 Oktoba badala ya kuheshimu kura. Ugomvi wao ulimfungulia mkuu wa jeshi, Mobutu, mlango: tarehe 24 Novemba alitwaa madaraka, na wananchi wakamvumilia kwa zaidi ya miaka 31.