Rangi ya Kutosha Chumba

Msikilizaji wetu wa Busia na Malaba, kabla fundi hajakutuma dukani, chukua futi kamba upime ukuta mwenyewe.

Tuseme chumba kina mita 4 kwa 3, na kimo cha mita 2.7. Jumlisha pande zote nne: mita 14. Zidisha kwa kimo, upate karibu mita 38 za mraba. Toa mlango na dirisha, kama mita 4 za mraba. Zinabaki 34. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, na ukuta unataka mikono miwili. Basi ni lita 7 hivi. Nunua galoni mbili za lita 4. Kitakachobaki funika vizuri, utazibia mikwaruzo.

Hesabu hiyo ni ya ukuta laini. Plasta mpya hunywa rangi sana, kwa hiyo itangulizie rangi ya msingi, ambayo ni ya bei nafuu. Na nyinyi mnaokaa kando ya barabara ya malori, osheni ukuta kwanza ukauke kabisa. Rangi iliyopakwa juu ya vumbi hubanduka, na pesa zako zinaenda nayo.

Ukichanganyiwa rangi dukani, chukua yote siku moja. Ukirudi baadaye, au ukivuka kununua ng'ambo ya Uganda, huenda isilingane, na kiraka kitaonekana mchana kweupe.