Kupima Nafasi ya Mtoto wa Katubuka Kuingia Udaktari



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mzazi hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, mwanangu kapata divisheni wani, udaktari si ataingia?" Mimi huomba kwanza kuona karatasi ya matokeo, kwa sababu divisheni peke yake haijibu swali hilo.

Chukueni mfano huu nilioutunga kwa ajili ya leo. Mwanafunzi wa kwanza ana A ya Kemia, A ya Baiolojia na E ya Fizikia. Baraza la Mitihani, NECTA, huhesabu A kuwa pointi 1 na E kuwa pointi 5, kwa hiyo ana pointi 7, na divisheni wani ni pointi 3 hadi 9. Nyumbani atachinjiwa kuku. Wa pili ana C ya Kemia na D mbili: pointi 11, divisheni tuu, na huenda hakuna hata aliyempongeza. Sasa fungueni mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Huko hesabu imegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Anayeomba shahada ya Udaktari wa Binadamu anatakiwa kuwa na pointi zisizopungua 6, na asiwe chini ya D katika somo lolote kati ya hayo matatu. Wa kwanza ana pointi 11 na hana sifa, ile E imemfungia. Wa pili ana 7, na sifa ya chini anayo.

Narudia, sifa ya chini. Chuo kinaruhusiwa kudai zaidi ya hapo, na hata kisipodai, viti ni vichache na waombaji hupangwa kuanzia wa juu kushuka. Mwenye C na D mbili akijaza Muhimbili peke yake anacheza bahati nasibu. Aombe vyuo kadhaa, Bugando, KCMC, Dodoma, Ifakara, na katika machaguo hayo aweke pia Uuguzi, Famasia au Maabara kama anazipenda kweli.

Hapa Kigoma kuna neno jingine linalozunguka: kwamba kwa kuwa Chuo Kikuu cha Muhimbili, yaani MUHAS, kinajenga kampasi mkoani kwetu kwa fedha za HEET, mradi wa elimu ya juu, watoto wetu watapata upendeleo. Ndugu zangu, udahili ni wa taifa zima. Mtoto wa hapa Katubuka atapimwa kwa gredi zile zile za mtoto wa Moshi. Faida ya kampasi kuwa karibu ni nauli na malazi, nayo si ndogo kwa familia ya mvuvi.

Kujipima kuanze mapema. Kidato cha sita, alama 50 ni D na 49 ni E. Mwanafunzi asitazame wastani wa masomo matatu, kwa sababu wastani unaificha Fizikia. Atazame alama yake ya chini kabisa kuanzia kidato cha tano hadi moko, na muda wake mwingi aupeleke huko, pamoja na mazoezi ya maabara ambayo wengi wetu tunayaacha mpaka mtihani umekaribia.

Kuna njia ya pili ambayo naiheshimu sana, ya stashahada ya utabibu. Anayeimaliza kwa wastani wa B, yaani GPA ya 3.0, anaweza kuomba udaktari. Lakini mwongozo unamtaka awe pia na D za kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Kiingereza na Hisabati. Hisabati ndiyo inayoumiza watu. Kuingia stashahada, Kemia, Baiolojia na Fizikia ndizo za lazima. Hisabati ni nyongeza tu. Basi mtu anasoma, anaajiriwa zahanati, anakuwa tabibu hodari, halafu anataka kujiendeleza na kukuta F ya Hisabati ya miaka kumi nyuma ikimsubiri. Itabidi arudie somo hilo kama mtahiniwa binafsi. Kidato cha nne, D inaanzia alama 30. Walimu wa sekondari, msimruhusu mtoto anayeota udaktari aisuse Hisabati.

Mwisho, fedha. Udaktari ni miaka 5 darasani na wodini, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini, na ada ya chuo binafsi huizidi ya chuo cha serikali mara kadhaa. Bodi ya Mikopo huziweka fani za tiba katika kipaumbele, ila inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Mkoa wetu una watoto wengi waliozaliwa nyumbani bila kuandikishwa, na wengine jina la cheti halifanani na la shule. Mwenye kasoro hiyo aanze kuishughulikia akiwa kidato cha tano. Dirisha la maombi likishafunguliwa, foleni ya RITA inakuwa ndefu na siku ni chache.