Ukuta Mwembamba Unaolinda Uhai



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya utando wa seli. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, ndizo ziitwazo seli, na kila seli imezungukwa na utando. Wembamba wake ni wa ajabu: tando milioni moja zikipangwa pamoja, unene wa zote haufiki sentimita moja.

Utando huo ni matabaka mawili ya mafuta. Chumvi na sukari haviwezi kuyapenya mafuta hayo. Hupita katika milango ya protini, na kila mlango ni kama wenye bawabu ajuaye nani wa kuingia na nani wa kuzuiwa.

Je, kuna faida gani kuyajua haya? Natutazame maradhi ya kipindupindu. Sumu yake huzilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa hukauka, na asipotibiwa huweza kufa kwa saa chache.

Mwaka 1960, mjini Prague, mtaalamu Robert Crane alieleza kuwa katika utumbo chumvi na sukari huingia kwa mlango mmoja, kila kimoja kikimvuta mwenziwe. Viwili hivyo vikiingia, maji hufuata. Na mlango huo sumu ya kipindupindu haiuharibu.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mshipani. Akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, wakihudumiwa na jamaa zao. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikapungua hata chini ya 4.

Basi, ndugu zangu, mtoto akiharisha tusimnyime maji kwa kudhani kuwa yatamzidishia maradhi. Ikikosekana pakiti ya dawa ya zahanati, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mtie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi isizidi. Mpeni kidogo kidogo, anyonyapo aendelee kunyonya, na macho yakididimia apelekwe hospitali upesi.