Helikopta Iliyomfikia Ndovu Imfikie na Mgonjwa

Msikilizaji, Kasigau iko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kwenye mapito ya ndovu. Ndovu akijeruhiwa kwa mshale au kunaswa na kitanzi, mara nyingi helikopta nyepesi ndiyo humwezesha daktari wa wanyama kumfikia. Huruka chini juu ya vichaka, daktari humlenga kwa sindano ya usingizi, kisha helikopta hutua penye uwazi mdogo.

Baadhi ya helikopta za namna hii zina ukoo wa kijeshi. MD 500 ilitokana na OH-6 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1963 na kutumika vitani Vietnam. Jeshi letu la Kenya limeitumia kwa miongo kadhaa, na mwaka 2020 lilipokea MD 530F sita, zenye injini ya kuhimili joto na miinuko.

Mashine inayobeba askari na kumfikia ndovu yaweza pia kumbeba mama aliyezidiwa na uchungu wa uzazi. Leo mgonjwa wa Rukanga, huku Kasigau, hupelekwa kwa gari hadi Maungu, ndipo ashike barabara kuu kwenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi.

Kaunti haihitaji kununua helikopta. Inahitaji makubaliano ya maandishi na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na jeshi: nani apigiwe simu, nani alipie mafuta, na uwanja upi usafishwe karibu na kituo cha afya. Helikopta za serikali huruka kwa kodi yetu. Wagonjwa wa Kasigau wana haki ya kufikiwa nazo.