Mila Zetu na Fungu la Dada Zetu



 

 Maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo baada ya taraweh, mbele ya vijana kama arobaini na wazee wachache waliokuwa wamebaki wakinywa chai ya tangawizi. Mzee mmoja aliondoka kabla sijamaliza. Wahariri wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, ila mahali pamoja nimerekebisha kwa sababu mjomba wangu aliniambia nimekosea hesabu. Mtapaona.

Mada niliyopewa ilikuwa "Vijana, Dini na Siasa". Mada hii ina njia rahisi. Ningewasema wanasiasa wanaotutembelea Ramadhani tu, wakaleta tende na mchele, wakapigwa picha wakifuturu nasi, na kabla ya Isha gari zimeshaondoka. Ningeeleza jinsi kijana wa Kiislamu anavyozungushwa akitafuta kitambulisho. Mngepiga takbir, kisha tungeenda kulala. Hayo ni kweli na yataendelea kusemwa. Leo naomba siasa tuianzie sebuleni kwetu.

Hebu tukumbushane jambo moja. Mahakama ya Kadhi hatukupewa kama zawadi. Kabla ya uhuru, mwaka 1963, ahadi ya kuilinda iliwekwa katika makubaliano kati ya serikali ya Kenya na ya Zanzibar, ikaingia kwenye Katiba. Mwaka 2010, Katiba mpya ilipokuwa ikiandaliwa, viongozi wengi wa makanisa waliipinga, na mojawapo ya sababu zao kubwa ilikuwa huyo huyo Kadhi. Mwezi wa Mei mwaka huo Mahakama Kuu ilitoa uamuzi dhidi ya kifungu cha Kadhi katika Katiba ya zamani. Waislamu wakahangaika. Misikiti ikahubiri, wazee kwa vijana wakajiandikisha, na tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya wakapiga kura. Takriban asilimia 67 wakasema Ndiyo. Katiba ilizinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti, siku ya Ijumaa, tukiwa ndani ya mwezi mtukufu kama huu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wa madrasa, bado nahangaika na alifu na bee, lakini nakumbuka wakubwa walivyokuwa na furaha. Nilidhani tumeshinda mechi.

Sasa nenda nyuma kidogo. Kuna Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria ile haibagui mtoto wa kiume na wa kike, wote wanapata sawa. Waislamu waliikataa. Walisema sisi tuna sheria yetu, imeteremshwa, fungu la mwanamume ni mara mbili ya fungu la mwanamke, na hatuwezi kumtii Bunge tukamuasi Mola. Walisimama miaka kadhaa mpaka mwaka 1990 sheria ikabadilishwa, mirathi ya Mwislamu ikaachiwa sheria ya Kiislamu. Na mwaka 2025, Mahakama ya Juu ilipoamua juu ya mirathi ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ya Kiislamu, viongozi wetu walipaza sauti tena, kwa haraka sana.

Mimi siwalaumu kwa kusimama. Swali langu ni dogo, na ndilo lililomtoa yule mzee. Tuliiambia serikali kwamba hatutaki sawa kwa sawa, sisi binti zetu wana nusu. Haya, hiyo nusu iko wapi?

Ndugu msomaji, usiangalie kwa jirani. Angalia nyumba yenu. Babu alipofariki, shangazi zako walipata nini? Si khanga za msibani. Nauliza fungu. Katika nyumba nyingi za mitaa yetu ninazozijua, hitima inasomwa, pilau inapikwa kwa mkopo, halafu ndugu wa kiume wanabaki nyuma kuzungumza, na dada wanaambiwa wakaoshe vyombo. Asubuhi mambo yameshaisha.

Ukiuliza, jibu ni moja: "Hivi ndivyo tulivyowakuta wazee." Kwenye madrasa yetu, swali la namna hiyo lilikuwa linajibiwa na bakora, na mimi sina kinyongo, nilijifunza mengi pale. Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 170, Mwenyezi Mungu anawakemea watu ambao wakiambiwa wafuate alichoteremsha Yeye wanajibu kwamba watafuata walichowakuta nacho baba zao. Na Ibara ya Katiba iliyoweka Mahakama ya Kadhi, ambayo tuliipigania kwa jasho, nayo ni ya 170. Imesadifu tu, sijengi hoja juu yake. Ila siwezi tena kuisahau nambari hiyo.

Tena, tukisema wazee, wazee gani? Majengo yetu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya mkoloni ilipotenga Pumwani iwe mahali pa Waafrika kuishi. Viwanja vilikuwa vya manispaa, watu wakajenga wenyewe kwa udongo na miti, korido katikati na vyumba huku na huku. Pangani ya zamani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Na waliojenga nyumba hizo ni nani? Watafiti waliokuja kuhoji wakongwe, akina Janet Bujra na Luise White, waliandika jambo ambalo bibi zetu walikuwa wakilijua siku zote: sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake, na wengi wao walikuwa Waislamu, baadhi wamesilimu hapa hapa mjini. Walikuwa wametoka makwao, mahali ambapo mwanamke hakuwa na ardhi kwa jina lake. Njia walizopatia pesa si zote za kusimulia baada ya taraweh, na hukumu yao iko kwa Mola wao. Lakini mwanamke alisimama mjini Nairobi, chini ya mkoloni, akawa na nyumba yake, na dini aliyoishika haikumwambia mali hii si yako.

Kwa hivyo hii kanuni ya kwamba nyumba ya Majengo haiendi kwa mwanamke, sisi ndio tumeileta, na ndani ya nyumba ambayo mwanamke ndiye aliyeijenga.

Naomba sasa niseme ya kwetu. Nimemwomba baba ruhusa, naye amenikubalia kwa sharti nisitaje jina. Mama wa babu yangu alijenga nyumba. Babu akairithi. Babu alifariki mwaka 1999, kabla sijazaliwa, akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mtoto wa kiume ndiye baba yangu. Nyumba ina vyumba vinane vya kupangisha. Kodi siku hizi ni shilingi 4,000 kwa chumba, jumla 32,000 kwa mwezi vikijaa.

Hesabu ya mirathi si ngumu. Kwanza unatoa gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi thuluthi. Kinachobaki, mke ana thumni kwa sababu marehemu ameacha watoto. Thumni ya 32,000 ni 4,000. Zinabaki 28,000, unazigawa mafungu manne: mvulana mawili, yaani 14,000, na kila binti moja, 7,000. Nilipotoa mada niliishia hapo. Mjomba akanivuta pembeni akaniambia, "Wewe msomi, bibi yako si alifariki? Na thumni yake alikufa nayo?" Kweli, bibi alifariki baadaye, na warithi wake ni hao hao watatu. Thumni yake inagawanywa tena, mbili kwa moja kwa moja. Mwisho wa yote baba ana nusu, 16,000, na kila shangazi ana robo, 8,000.

Kila shangazi amepata sifuri. Tangu 1999.

Mmoja alifariki mwaka 2019, na haki yake iko kwa warithi wake. Mwingine yuko Kayole, anauza mahamri na viazi karai alfajiri kabla watu hawajapanda matatu.

Visingizio nimevisikia vyote. Kwamba ameolewa, ana mume wa kumlisha. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa inataja fungu la wanawake katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi, haikusema asiyeolewa. Kwamba nyumba ni moja na haikatiki. Kodi inakatika, ndugu yangu, M-Pesa inakata mpaka shilingi moja. Kwamba mwanamume ndiye mlezi. Naam, ndiyo maana akapewa mara mbili, abebe mzigo. Sasa yule anayechukua yake mara mbili, na ya dada yake juu, na dada akiugua anaambiwa aende akachangishe, huyo analea nani?

Kisingizio kikubwa ni kwamba dada alisamehe. Alisamehe lini? Ameketi mkekani siku ya tatu ya msiba, macho mekundu, wazee watano mbele yake, anaulizwa, "Mwanangu, wewe una neno?" Na anajua akisema ana neno, kesho ataitwa mpenda mali aliyetaka kuvunja udugu juu ya kaburi bichi. Mtu anaweza kusamehe haki yake, hilo halina shaka. Lakini kwanza aambiwe ni kiasi gani, kisha apewe nafasi ya kusema hapana.

Mambo haya si mageni. Baada ya vita vya Uhud, mke wa Saad bin Rabii (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) na binti zake wawili. Baba yao ameuawa vitani, na ami yao amechukua mali yote. Mama yule hakukaa nyumbani akasema yaishe. Alikwenda kwa kiongozi wa umma akashtaki, mbele ya watu. Aya ya mirathi ikateremka, na Mtume akamwita ami akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, na kitakachobaki ndicho chake. Huyu ami hakuwa kafiri wa Makka. Alikuwa mtu wa Madina aliyefuata alichowakuta nacho wazee wake.

Nilipomaliza kuisoma hadithi hiyo, muhula uliopita, nilimwendea baba. Baba ni mtu mwema, mpole, hajawahi kutupiga. Nikamweleza kwa adabu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shangazi zako hawajawahi kuuliza." Nikasema, "Baba, wangeulizaje?" Akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Na hiyo karo yako ya chuo kikuu, unadhani ilikuwa inatoka wapi?"

Hapo nikakosa jibu. Mimi niliyekuja na aya na hadithi, nimesomeshwa kwa viazi karai vya shangazi. Robo yake kwa mwaka ni 96,000. Nimehesabu.

Nilikwenda Kayole. Shangazi aliniandalia chakula na hakutaka kusikia. "Usinigombanishe na ndugu yangu, yeye ndiye aliyenibakia." Nikala, nikanyamaza. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka langoni, akaangalia huku na huku, akaniuliza, "Kwani ni ngapi?"

Miaka zaidi ya ishirini hajui ni ngapi.

Kwa wale watakaoniuliza kama walivyoniuliza usiku ule: mirathi inafunguliwa Mahakama ya Kadhi na mrithi yeyote, mwanamke akiwemo, hahitaji ruhusa ya kaka. Tafuta cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na hati au risiti zozote za nyumba. Lakini kabla ya kufika huko, kaeni. Kadhi mwenyewe atafurahi mkija mmekubaliana.

Kwetu, baba hakuzungumza nami siku tatu. Siku ya nne akaniambia, "Hiyo hesabu yako iandike kwenye karatasi." Nikaiandika, ile iliyosahihishwa na mjomba. Mpaka naandika haya amesema tutakaa wote siku ya pili ya Iddi, shangazi pamoja na watoto wa marehemu. Hajasema atatoa nini, wala kuanzia lini. Mimi nimeanza kufundisha tuisheni jioni. Naomba dua zenu.