Msumeno Ulionyimwa Maji

Neno la asubuhi lililosomwa redioni. Masomo: Mathayo 24:12 na Waefeso 4:26

Mlio Likoni mkingoja feri, mlio Changamwe mkielekea kazini, nanyi mlio Kisauni mkichemsha chai ya asubuhi, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo hatuanzi na habari ya mfalme wala ya nabii. Twaanza na habari ya msumeno, na ni habari inayotuaibisha sisi tunaoisimulia.

Katika kiwanja cha kanisa letu huko Likoni palikuwa na mwembe mkubwa. Masika moja upepo uliungoa. Kwa neema ya Mungu haukumwangukia mtu. Wazee wa kanisa tukaketi, tukakubaliana kwamba mti ule usiuzwe kuni. Tuupasue mbao, tuwatengenezee watoto wa Shule ya Jumapili mabenchi, maana walikuwa wakikaa mikekani.

Tukamwita kijana wetu mmoja. Alibatizwa kwetu, akalelewa kwetu, na kila Jumapili aliimba sauti ya chini katika kwaya. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kupasulia mbao, ile ndogo inayovutwa nyuma ya gari mpaka penye gogo. Baadhi yenu mmeiona. Msumeno wake ni mkanda mrefu wa chuma chembamba, wenye meno upande mmoja, unaozunguka mbio juu ya magurudumu mawili. Gogo hulala chini, na msumeno husukumwa juu yake ubao baada ya ubao.

Asubuhi ya kwanza kijana alitusalimu kwa adabu, kisha akasema, "Wazee wangu, naomba mitungi miwili ya maji kwa siku, na sabuni kidogo."

Tukamwuliza maji ni ya nini. Akatuonyesha kitangi kidogo juu ya mashine na kimpira chembamba kinachodondoshea maji juu ya msumeno. Akaeleza kwamba mti una utomvu. Utomvu ukichanganyika na unga wa mbao hushika chumani kama ulimbo. Hapo msumeno husuguana na mti, hupata joto, na chuma kikipata joto hurefuka. Mkanda uliokuwa umekazwa hulegea, nao huanza kutangatanga ndani ya gogo.

Ndugu zetu wa Likoni mwajua shida ya maji. Wiki ile mifereji ilikuwa mikavu, na maji tuliyanunua kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Mmoja wetu akacheka, akasema, "Mwanangu, maji ya kupikia wali hatuna, nawe wataka kuogesha chuma?" Sote tukacheka pamoja naye. Tukampa nusu mtungi, imtoshe siku nzima.

Siku ya pili mlio wa mashine ulibadilika. Palitoka harufu ya kuungua. Mbao zilizotoka zilikuwa na mawimbi kama bahari ya kusi, hapa nene, pale nyembamba. Kijana akasimamisha mashine, akaomba maji mara nyingine. Tukamwambia amalize kwanza gogo lililobaki. Hakupata kulimaliza. Msumeno ulikatika kwa kishindo. Kifuniko cha mashine kiliuzuia, wala hakuna aliyeumia, ila kijana mdogo aliyekuwa akipanga mbao karibu alitetemeka mpaka tukamkalisha chini.

Je, sisi tulifanya nini? Hatukumpa pole fundi. Hatukukumbuka nusu mtungi. Tulisema kwamba vijana wa siku hizi hawana uangalifu, tukakata bei ya msumeno mpya katika ujira wake. Kijana hakubishana. Alikwenda Changamwe, akanunua msumeno, akaufunga, akairudisha mashine kwa mwenyewe. Jumapili iliyofuata nafasi yake katika kwaya ilikuwa wazi. Ikapita miezi sita. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumjulia hali.

Sasa sikilizeni jinsi Bwana alivyotufungua macho. Mwana mwingine wa kanisa letu anafanya kazi Kanada, katika kiwanda cha mbao. Siku moja alitupigia simu, nasi kwa mzaha tukamsimulia habari ya fundi aliyetaka kuogesha chuma. Tulidhani atacheka. Alinyamaza, kisha akauliza, "Wazee wangu, mlimpa maji kiasi gani?"

Tukamwambia. Akasema, "Basi si yeye aliyeukata msumeno."

Akatueleza mambo ambayo sisi watu wa pwani hatukuyafahamu. Hapa kwetu hata usiku wa Julai joto ni kama digrii 20, nasi twajifunika shuka tukilalamika. Huko aliko, wakati wa baridi, huweza kufika digrii 20 chini ya sifuri. Maji huganda katika kitangi na katika mpira. Yakidondoka juu ya msumeno huganda papo hapo, na barafu ikishika magurudumu, mkanda huweza kuteleza ukatoka mahali pake. Hata gogo lenyewe huganda, likawa gumu kuliko kawaida. Kwa hiyo kwa magogo ya namna hiyo wapasuaji wengi huacha msumeno wenye meno ya pembe ya digrii 10, hutumia wenye pembe ya digrii 4.

Tukamwuliza, "Basi wakati huo hamtii kitu?"

Akajibu, "Twatia, tena kwa uangalifu zaidi." Wengine hutumia maji ya kuoshea vioo vya magari, yale yaliyotiwa kileo ili yasigande upesi. Wengine hudondosha dizeli iliyochanganywa na mafuta mazito, matone machache tu. Na jioni, kazi ikiisha, humwaga kila kilichobaki katika kitangi na mpira. Maji yakiachwa humo usiku yataganda, na yakiganda huvimba na kupasua kilichoyachukua. Kisha hupangusa msumeno na kuulegeza, upumzike mpaka asubuhi.

Wapenzi, simu ilipokwisha tulitazamana, hakuna aliyesema neno. Kwenye baridi ya kugandisha maji watu hutafuta kila njia msumeno usikose unyevu. Sisi tulio katika joto la Mombasa tuliunyima kwa sababu ya bei ya mtungi mmoja. Na tulilomfanyia msumeno ndilo tulilomfanyia mtoto wetu. Tulitaka kazi yake bila kumpa kitu cha kumpoza. Alipokatika moyo, tulimtoza gharama.

Nabii Isaya, katika sura ya 10, awashangaa wenye kiburi kwa mfano wa msumeno unaojiona mkubwa kuliko mtu anayeushika. Sisi wazee tulikuwa msumeno wa namna hiyo. Tulisahau kwamba tu vyombo tu, na chombo kikavu hakifanyi kazi njema mkononi mwa yeyote. Katika habari hii twaona mambo matatu.

La kwanza, maji ya msumeno hayatiwi mara moja asubuhi yakatosha. Hudondoka wakati wote chuma kinapokata. Vivyo hivyo neno la upole halitoshi kusemwa siku ya harusi, au siku ya kumpokea mshirika mpya mbele ya kanisa. Mama anayepika kila siku ahitaji kushukuriwa kila siku. Mfagizi wa kanisa ahitaji salamu yetu Jumatatu kama Jumapili. Ni matone madogo, lakini yakikosekana, utomvu wa manung'uniko hushika, na nyumba yote hupata joto.

La pili, baridi si udhuru. Bwana wetu alionya kwamba uovu ukizidi, mapenzi ya wengi yatapungukiwa na joto lake. Hakusema hivyo ili tukubali kuganda. Yule wa Kanada maji yakimgandia, hutafuta kitu kingine kitakachopita. Je, ndugu yako hapokei tena maneno yako? Mpelekee tendo. Hapokei simu? Nenda nyumbani kwake. Ukienda akakataa kutoka, mwombee, kisha urudi siku nyingine. Twaweza kubadili njia ya kumfikia, lakini kumfikia kwenyewe tusikuache.

La tatu, tumwage kitangi jioni. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba hasira isikae nasi mpaka jua likatukuchwea. Watu wengi huona ni agizo dogo. Muulizeni aliyeyaona maji yakipasua chombo usiku. Jioni neno bado ni maji, laweza kumwagwa kwa kusema tu, "Nisamehe." Likilala usiku mmoja, likalala wiki, likalala miezi sita, huwa barafu. Tena huvimba kimya kimya, watu wakiwa wamelala, na asubuhi chombo kimepasuka.

Jumamosi iliyofuata tulifunga safari watu wanne. Kijana alikuwa amehamia Kisauni. Tulivuka feri, tukapita mjini, tukavuka daraja la Nyali, tukashuka Kengeleni. Mwaijua kengele ya pale Freretown, mahali palipoanzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliotolewa utumwani. Twaambiwa na wazee kwamba ililizwa kuwaonya watu hatari ikikaribia. Tulipoipita tulijiuliza, kengele yetu sisi ililia mara ngapi tusiisikie? Mlio wa mashine ulikuwa kengele. Harufu ya kuungua ilikuwa kengele. Nafasi ile katika kwaya ililia kila Jumapili.

Tulimkuta nyumbani. Alitupokea kwa "Shikamooni," kama kwamba tulionana jana, akatutafutia viti. Kabla ya chai tulimwekea mezani fedha zote tulizomkata. Mzee aliyecheka kwanza ndiye aliyesema kwanza: "Mwanangu, uliomba maji, tukakunyima. Kisha tukakutoza kosa letu. Twaomba utusamehe."

Kijana aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Fedha si kitu, wazee. Kilichoniuma ni kwamba nilikaa miezi sita nikisikiliza mlango, na hakuna aliyebisha."

Hatukuwa na jibu. Palikuwa na kilio kidogo, na si chake peke yake. Tuliomba pamoja, tukanywa chai, tukarudi. Wala hatutawadanganya kwamba Jumapili ile alikuwa kanisani. Hakuja, wala Jumapili ya pili. Lakini mara hii hatukunyamaza. Kila wiki mmoja wetu alibisha mlango ule, mara kwa salamu, mara kwa mkungu mdogo wa ndizi. Matone, ndugu zetu, matone. Mwezi wa tatu tulisikia sauti ya chini katika kwaya, na mwenye kuongoza wimbo ikambidi ageuke atazame.

Mabenchi ya watoto yalimalizika. Safari hiyo maji yalikuwapo, mitungi miwili kila siku, nasi wazee ndio tuliosukuma mkokoteni. Benchi moja tulilitengeneza kwa zile mbao zenye mawimbi, nalo liko hata leo. Watoto hulipigania. Sisi tukilitazama twakumbuka nusu mtungi.

Msikilizaji mpenzi, ni nani uliyemnyima maji? Yuko nyumbani mwako, au kazini, au ng'ambo ya feri? Jua halijatua bado. Nenda ukabishe mlango.

Na tuombe. Ee Baba yetu, umetumwagia neema yako bila kutupimia kwa nusu mtungi. Utusamehe ukavu wetu. Uyeyushe yaliyoganda kati yetu na ndugu zetu, na leo hii utupe miguu ya kwenda na maneno ya kusema. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.